Tomb Raider I–III Remastered: mwanamke mmoja, miili miwili, kitufe kimoja

Bonyeza F1 kwenye kompyuta, au kitufe cha Options kwenye pedi ya PlayStation, na Lara Croft, msaka hazina anayeongoza gemu tatu za zamani zilizotolewa upya katika mkusanyo huu, anabadilika papo hapo bila gemu kusimama. Kabla hujabonyeza ana mwili wa mwaka 1996: kifua chenye ncha, kiuno chembamba kama shingo ya chupa, uso bapa uliobandikwa rangi. Ukishabonyeza ana mabega ya mtu aliyezoea kupanda miamba, mapaja yenye msuli, na macho yanayotazama mahali. Kaptula ni ileile, bastola mbili ni zilezile, na pengo lililo mbele yake halijapungua hata inchi moja.

Kitufe hicho kiliwekwa kwa wapenzi wa gemu za zamani wanaotaka kulinganisha michoro. Bila kukusudia, waliotengeneza mkusanyo huu wamempa kila mchezaji nafasi ya kutenganisha mambo mawili ambayo mjadala wa wanawake kwenye gemu huyachanganya kila siku: umbo analochorewa mwanamke, na kazi anayopewa. Kama gemu ya kuchezwa, mkusanyo ni mzuri, ila una giza kupita kiasi na kamera yenye ubishi. Kama chombo cha kujiuliza iwapo sura ya mwanamke kwenye skrini hubadili mtazamo wa anayeishika pedi, ni vigumu kupata kingine kinachofaa kama hiki.

Kilichomo

Gemu ni tatu: ya kwanza ya 1996, ya pili ya 1997 na ya tatu ya 1998, zote kazi ya studio ya Core Design ya Derby, Uingereza. Zimekuja na leveli, yaani hatua za mchezo, zao za nyongeza: Unfinished Business zenye leveli nne, The Golden Mask tano, The Lost Artifact sita. Kampuni ya Aspyr, wakishirikiana na studio ya Crystal Dynamics, waliutoa mkusanyo huu tarehe 14 Februari 2024 kwa kompyuta, PlayStation, Xbox na Switch. Michoro mipya hukimbia kwa fremu 60 kwa sekunde, ya zamani kwa 30. Video za utangulizi hazikutengenezwa upya. Zimekuzwa tu, na inaonekana. Unahifadhi mchezo popote unapotaka, jambo ambalo waliocheza gemu ya kwanza kwenye PlayStation ya kwanza hawakuwahi kulipata.

Uendeshaji uko wa namna mbili: wa zamani, ambao wachezaji huuita wa kifaru (kile cha kivita) kwa sababu Lara hugeuka akiwa amesimama palepale, na wa kisasa, ambao anakwenda kule unakosukuma kijiti. Chagua wa kifaru. Sababu inakuja.

Mwili ulio rula

Dunia yote ya gemu hizi imejengwa kwa miraba ya ukubwa mmoja, na mwili wa Lara umetengenezwa kuipima. Akiruka kutoka alipo bila kukimbia, anavuka pengo la mraba mmoja. Akiruka kwa kukimbia, anavuka miwili. Akiruka kwa kukimbia huku mchezaji ameshikilia kitufe cha kitendo ili adake ukingo wa upande wa pili, anavuka mitatu. Hakuna bahati ndani yake.

Mruko mrefu hufanywa hivi. Shikilia kitufe cha kutembea na umsogeze hadi ukingoni. Akitembea hawezi kuanguka, atasimama mwenyewe. Achia, kisha gusa nyuma mara moja: atarudi kwa kinyanyuko kimoja, ambacho ni sawasawa na mraba mmoja. Bonyeza mbele, na mara tu anapoanza kukimbia shikilia kuruka. Usingoje afike ukingoni. Hapo ndipo wageni wote hufia, kwa sababu Lara humaliza hatua aliyoianza kabla ya kutii kitufe, na ukibonyeza amekwisha fika pembeni, hatua hiyo ya mwisho anaikanyaga hewani. Akiwa angani, shikilia kitendo mpaka vidole vyake vishike jiwe.

Baada ya saa mbili za kazi hii kitu fulani hutokea kichwani. Mchezaji haoni tena kifua wala kaptula. Anaona miraba: hapa panavukika, pale pananihitaji nirudi nyuma kwanza, kule hapafiki. Mwili wa mwanamke aliyechorwa kwa kuvutia macho umekuwa kipimo, kama fundi anavyoacha kuitazama rula na kutazama mbao. Bonyeza F1 katikati ya leveli ya The Lost Valley ukiwa umeshaizoea miruko, na utaona kwamba kubadilika kwa umbo hakukusumbui hata kidogo. Bonyeza F1 dakika tano baada ya kuanza gemu kwa mara ya kwanza, na utakachotazama ni umbo tu. Gemu ni ileile, mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni muda na kazi. Hilo liweke akilini tukifika kwenye tafiti, kwa sababu nyingi zake hupima dakika za mwanzo.

Wabunifu walimwachia pia vitendo viwili vya madoido. Ukishikilia kutembea wakati anajipandisha kutoka ukingoni, Lara husimama kwa mikono, miguu juu, taratibu, kama mwanasarakasi. Hakuna kizuizi hata kimoja kinachohitaji hilo. Ukishikilia kutembea wakati wa mruko wa kukimbia, anajirusha kichwa mbele kama mpiga mbizi, na juu ya ardhi kavu anavunjika shingo. Anamwonyesha nani? Jibu moja ni kwamba anamwonyesha mchezaji. Jingine, ambalo lina nguvu zaidi ukiwa wewe ndiye unayebonyeza, ni kwamba anaringa kwa sababu anaweza.

Nani ameshika macho

Ndiyo maana tumesema uchague uendeshaji wa kifaru. Katika namna hiyo kamera hukaa nyuma na juu kidogo ya Lara, na huangalia anakoangalia yeye. Katika namna ya kisasa kamera iko kwenye kijiti cha kulia, unaizungusha utakavyo, unaiweka chini, unaiegesha mbele. Kwa uchezaji wenyewe hilo lina hasara ya wazi, maana kuruka kando na kurudi nyuma kwa kipimo huwa kugumu, na miraba iliyohesabiwa kwa uangalifu mwaka 1996 inageuka ya kubahatisha. Ila kuna hasara nyingine isiyosemwa sana. Kamera ya zamani ilikufanya uone pamoja naye. Ya kisasa inakufanya umwone yeye.

Upande wa pili kabisa ni sehemu ya kupiga picha, unayoifungua kwa kubonyeza vijiti vyote viwili kwa pamoja. Humo muda unasimama, kamera inapaa huru, na Lara anapewa mikao ya kuchagua. Ni sehemu ya kufurahisha, na waliotengeneza taa mpya wanastahili picha hizo. Lakini tofauti yake na mchezo wenyewe ni kubwa: ndani ya mchezo Lara anatenda, ndani ya picha anapangwa. Ukitaka kumweleza kijana tofauti kati ya mhusika na pambo bila kutoa mhadhara, mpe pedi acheze dakika kumi, kisha mfungulie sehemu hiyo dakika kumi.

Gemu ya pili inalijua jambo hili vizuri kuliko wakosoaji wake wengi. Baada ya leveli ya mwisho, nyumbani kwake, Lara amevaa gauni la kuogea na anakwenda bafuni. Anashika mkanda. Anasita. Anageuka, anaitazama kamera, anamwambia mchezaji kwamba amekwisha tazama vya kutosha, kisha anafyatua bunduki kuelekea kwenye skrini. Ili uone uzito wake, kumbuka gemu ya Metroid ya 1986: aliyeimaliza chini ya saa moja alizawadiwa kumwona mhusika wake mkuu, Samus, akiwa na bikini. Mwili wa mhusika ulikuwa tuzo ya kasi. Miaka 11 baadaye, gemu iliyouzwa kwa mabango ya mwili inamwita mchezaji mlangoni na kumfyatulia risasi. Ni mzaha, bila shaka, na mzaha wenyewe unachezea hamu ileile unayoikemea. Hata hivyo ni gemu chache kubwa za wakati huo zilizomwambia mchezaji moja kwa moja kwamba anatazama.

Mabango yenyewe ni habari nyingine. Kampuni ya Eidos, iliyokuwa mchapishaji, iliajiri wanamitindo wa kweli waliovaa kama Lara kwenye maonyesho. Toby Gard, aliyembuni, aliondoka Core Design baada ya gemu ya kwanza kwa kutoridhika na jinsi mhusika wake alivyokuwa akiuzwa. Watu wengi wenye maoni makali kuhusu Lara hawakuwahi kuvuka pengo hata moja; walikutana na mabango. Na wako sahihi kuhusu mabango.

Wanawake wengine wako wapi

Hapa ndipo mkusanyo unapopoteza alama, na hakuna kitufe cha kuponya. Adui wa Lara karibu wote ni wanaume, wanyama au mazimwi. Wanawake wenye uzito ni wachache mno. Jacqueline Natla wa gemu ya kwanza ni tajiri mwenye kampuni, kisha inabainika alikuwa mmoja wa watawala watatu wa Atlantis. Ana mipango yake mwenyewe na hamtegemei mwanaume yeyote. Ni mhusika mwovu aliyetengenezwa vizuri.

Sophia Leigh wa gemu ya tatu ni kesi ngumu zaidi. Ni mkuu wa kampuni ya vipodozi jijini London, na uovu wake ni kutafuta ujana usioisha. Watu waliofanyiwa majaribio yake yakaharibika wanaishi wamejificha chini ya jiji, nyuso zao zimeoza na hawawezi kufa. Kwa upande mmoja ni dongo kali kwa biashara ya urembo. Kwa upande mwingine, mwanamke wa pili kwa uzito katika gemu nzima ni mwanamke anayeogopa kuzeeka, na anamalizwa kwa kupigwa umeme juu ya jengo lake. Ukicheza na kundi, simamisha gemu hapo uwaulize: kama mkuu huyu angekuwa mwanaume, uovu wake ungekuwa upi? Majibu huja haraka, nayo husema mengi.

Uhaba huu si wa Tomb Raider peke yake. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2009 na Dmitri Williams na wenzake ilipitia gemu 150 na wahusika 8,572. Wanawake walikuwa chini ya asilimia 15. Teresa Lynch na wenzake, mwaka 2016, walichambua wahusika wa kike 571 wanaoweza kuchezwa, kutoka gemu za mwaka 1983 hadi 2014. Walikuta kwamba kuchorwa kwa wanawake kama vivutio vya ngono kulifika kileleni katikati ya miaka ya 1990, yaani wakati uleule wa gemu hizi, kisha kukashuka. Kilichobaki palepale ni nafasi zao: wengi bado ni wasaidizi, wachache ni vinara. Kaptula ilirefuka kabla ya kiti kupatikana.

Tafiti zinasema nini, na zinapimaje

Hakuna namna ya kuikagua bidhaa hii bila kugusa jaribio la Elizabeth Behm-Morawitz na Dana Mastro la mwaka 2009, kwa kuwa walimtumia Lara mwenyewe, kupitia gemu yake nyingine, Tomb Raider: Legend. Kundi moja la wanafunzi wa chuo lilicheza akiwa amevaa nguo zinazoacha mwili wazi, jingine akiwa amefunikwa. Wanawake waliocheza na Lara wa kwanza walijiona wana uwezo mdogo kuliko wenzao, na mitazamo kuhusu uwezo wa wanawake kwa jumla nayo iliathirika vibaya. Linalovutia ni kwamba nguo ndiyo iliyobadilishwa, kazi ikabaki, kama F1 inavyofanya. Udhaifu ni muda: walicheza kidogo tu, tena mara moja. Hawakufika pale ambapo mwili unageuka rula.

Mwaka 2008 Karen Dill na wenzake hawakumpa mtu gemu kabisa. Waliwaonyesha watu picha za wahusika wa gemu waliochorwa kwa dhana zilizozoeleka za jinsia, na wengine wakaonyeshwa picha za wanasiasa wa Marekani, wanaume na wanawake. Kisha wakawapa kisa cha unyanyasaji wa kijinsia. Wanaume walioona wahusika wa gemu walikuwa wepesi zaidi kukivumilia kisa hicho. Mwaka 2010 Mike Yao na wenzake waliwapa wanaume 74 gemu, baadhi wakipata Leisure Suit Larry, ambayo kazi yake yote ni kutongoza, na wengine gemu isiyo na mambo hayo. Waliocheza Larry walitambua haraka zaidi maneno yanayomfanya mwanamke kuwa chombo cha ngono. Maelezo ya wanasaikolojia ni rahisi: wazo lililoguswa punde huwa karibu na mlango. Linakuja upesi ukiliita, na linakuja hata usipoliita. Ni suala la dakika. Haisemi lolote juu ya mwaka ujao.

Njia ya pili ya kuathirika ni ya kuvaa mwili wa mwingine. Jesse Fox, Jeremy Bailenson na Liz Tricase, mwaka 2013, waliwavalisha wanawake miwani ya uhalisia pepe na kuwapa miili ya kidijitali, mingine imevaa kwa kuvutia ngono. Wenye miili hiyo walizungumzia zaidi miili yao wenyewe baadaye; na pale mwili huo ulipobandikwa uso wa mshiriki mwenyewe, alielekea zaidi kukubali dhana potofu zinazomlaumu mwanamke aliyebakwa. Kwenye Tomb Raider unamwona Lara kwa nyuma na uso si wako, kwa hiyo matokeo hayo usiyahamishe kama yalivyo.

Halafu zipo tafiti ndefu. Johannes Breuer na wenzake waliwafuatilia Wajerumani 824 wenye umri wa miaka 14 na zaidi kwa miaka mitatu, wakachapisha mwaka 2015: hawakuona uhusiano kati ya kucheza gemu na kukua kwa mitazamo ya kibaguzi dhidi ya wanawake. Laurent Bègue na wenzake, mwaka 2017, waliwahoji vijana 13,520 wa Ufaransa wenye umri wa miaka 11 hadi 19 wakauona uhusiano, lakini mdogo, na dini ilihusiana na mitazamo hiyo kwa nguvu zaidi kuliko gemu. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti nyingi ulioongozwa na Christopher Ferguson, wa 2022, haukukuta ushahidi wa kutosha kwamba wahusika waliochorwa kwa kuvutia ngono huwafanya wachezaji wadharau wanawake.

Wanaotaka gemu zipigwe marufuku hunukuu kundi la kwanza, wanaotaka waachwe wacheze hunukuu la pili, na pande zote mbili huruka swali la kilichopimwa. Breuer alipima muda na aina za gemu, si mhusika gani alikuwa mkononi. Dill alipima picha, si gemu. Usomaji wetu ni huu: athari za muda mfupi zipo na hutegemea jicho limeelekezwa wapi katika dakika zile, athari za muda mrefu za gemu kwa ujumla wake ni ndogo kiasi kwamba mazingira mengine ya mtu huzimeza. Atakayetaka kujua zaidi apime kazi ya mhusika, si urefu wa kaptula.

Na kwa wanaodhani kila anachofanya mchezaji kinatoka naye nje ya gemu, kuna Winston. Ni mtumishi mzee wa nyumbani kwa Lara katika gemu ya pili na ya tatu, anayemfuata kila chumba na sinia ikigongana mikononi. Kizazi kizima cha wachezaji kilimvutia hadi kwenye chumba cha baridi na kumfungia mlango. Hakuna aliyeona kizazi hicho kikiwachukia wazee.

Lara aliyefunikwa, na kwa nini hilo halikutosha

Ulinganisho unaosaidia kuliko wote ni Tomb Raider ya 2013. Lara wa humo ana suruali, ana umbo la kawaida, na hadithi yake iliandikwa na mwanamke, Rhianna Pratchett. Kwa kipimo cha mavazi amepanda daraja. Kisha anateleza kwenye mto, unachelewa kubonyeza, na kamera inasogea karibu kuonyesha tawi likimpenya shingoni. Anaguna, analia, anatetemeka, na kifo chake kimepangwa kwa uangalifu kuliko ushindi wake. Mwaka 2012, kabla haijatoka, mtayarishaji wake mkuu Ron Rosenberg alieleza kwamba wachezaji hawajioni kuwa Lara, wanataka kumlinda.

Lara wa 1996 akianguka juu ya miiba, anakufa mara moja na kamera inabaki mbali. Kosa ni lako, ulihesabu miraba vibaya. Kati ya wawili hawa, yupi anamfundisha mchezaji kumheshimu mwanamke? Ukijibu kwa kutazama nguo pekee utamchagua wa pili. Sisi tunamchagua wa kwanza, mwenye kifua cha ncha na yote.

Onyo lisilotaja jambo

Ukiwasha mkusanyo, maandishi yanakujia kwanza: gemu hizi zina taswira zenye kuudhi za watu na tamaduni, zinazotokana na ubaguzi wa rangi na kabila, na zimeachwa zilivyo ili watu wajifunze. Ni haki, hasa ukifika kwenye visiwa vya Pasifiki vya gemu ya tatu, ambako wenyeji ni wala watu. Lakini kuhusu jinsia onyo halina neno. Inaweza kuwa ni uamuzi wa maana, kwamba Lara hahitaji kuombewa radhi. Inaweza pia kuwa hakuna aliyetaka kuligusa. Vyovyote iwavyo, mzazi anayetegemea onyo hilo kama ramani hatakuta humo mjadala unaoifanya gemu hii ijulikane.

Kuitumia na kundi la vijana

Chumba chenye skrini moja na watu sita kinatosha, kwa dakika 90. Tumia nyumba ya Lara ya gemu ya pili, kwa sababu ina uwanja wa mazoezi na haina adui. Mkiingia moja kwa moja kwenye leveli ngumu, nusu saa ya kwanza itakwenda kwa kuanguka, na hasira ya kushindwa itachafua kila jibu. Hii ndiyo kasoro iliyomo hata kwenye majaribio ya wasomi: wakilinganisha gemu mbili zenye ugumu tofauti, hawajui wamepima mhusika au wamepima kero.

Watatu wacheze kwa michoro ya zamani, watatu kwa mipya, bila kuonana. Kila mmoja aandike maneno matano ya kumweleza Lara kabla ya kushika pedi, na matano mengine baada ya kukamilisha uwanja wa mazoezi mara tatu. Usitaje wanawake, usitaje utafiti; ukishataja, kila mtu ataandika anachodhani unataka kusikia. Kisha weka karatasi kando kwa kando na hesabu: maneno mangapi ni ya umbo, mangapi ni ya uwezo. Usitoe hukumu kwa watu sita, hao si sampuli ya chochote. Waache wabonyeze F1 wenyewe na wabishane.

Kasoro za kawaida

Giza ndilo la kwanza. Taa mpya zimeongezwa kwa ufundi, lakini mapango mengi yamezama, na vitu vya kuokota au mashimo ukutani havionekani. Dawa ni hiyohiyo F1: rudi kwenye michoro ya zamani, ona tundu, rudi kwenye mipya. Kamera hugonga kuta kwenye vyumba vyembamba. Michoro ya zamani kwa fremu 30 huchosha macho ya waliozoea kasi ya sasa. Gemu ya tatu ni ngumu isivyo na sababu, hata ukiwa na kukimbia kasi na kutambaa kulikoongezwa humo.

Mpangilio tunaoupendekeza: uendeshaji wa kifaru, michoro mipya, mwanga wa skrini juu kuliko kawaida. Anza na nyumba ya gemu ya pili kwa mazoezi ya nusu saa, rudi ya kwanza uimalize, kisha ya pili. Ya tatu iguse kwa ajili ya London na Sophia Leigh. Mkusanyo wa nne hadi sita, uliotoka tarehe 14 Februari 2025, unaweza kusubiri mpaka uvuke mruko wa miraba mitatu bila kuhesabu kwa sauti.